Afisa Ulinzi Asiye na Rungu

Taarifa ya kifo cha kaka yangu Rehani ilinifikia siku ya Jumatano, saa kumi na dakika chache alasiri. Nilikuwa dukani kwetu Majengo, nimeshika kandambili mbili, zote za mguu wa kushoto, nabishana na mteja aliyedai kwamba mimi ndiye niliyezichanganya. Simu ikaita. Nilipopokea nikasikia sauti tatu zikisema "haloo" kwa pamoja, na zote nazijua: shemeji yangu Sabrina, mama yetu, na mama mkwe wa kaka, Mama Zakia, anayeishi Karema.

"Mpo wote?" akauliza shemeji.

Tukajibu tupo.

"Naomba kila mmoja aseme jina lake."

Tukasema majina yetu, kama wanafunzi wanaoitwa asubuhi. Mama akasema "Mwanaiddi," akaongeza jina la baba yake, asije akachanganywa na Mwanaiddi mwingine.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema Sabrina. "Rehani ametutoka. Sasa hivi, hapa hospitali. Nimewaunganisha simu moja kwa sababu ndivyo alivyoniagiza. Alisema asiambiwe mtu kabla ya mwenzake, msije mkanuniana baadaye kwamba fulani alijua kwanza."

Mama Zakia akasema, "Hata kwenye kufa?"

"Hata kwenye kufa, mzazi mwenzangu," mama akajibu, sauti ikimkatika. "Mtoto huyo. Hata kwenye kufa."

Nikacheka. Astaghfirullah, nilicheka kwa sauti, na mteja wangu akadhani namcheka yeye. Aliponiona nakaa juu ya maboksi na kulia akaelewa. Akaziweka zile kandambili mahali pake, akanivutia mlango wa duka hadi nusu, akaondoka bila kusema neno. Sijui jina lake. Mungu amlipe.

Kabla hajakata simu, shemeji alikuwa na agizo la pili. "Anuari, hili ni lako. Alisema gari la kesho lisiahirishwe kwa sababu yake. Gari la kina Générose. Alilisema mara mbili."

Générose ni mke wa Arcade. Arcade ni mkimbizi kutoka Burundi, anaishi katika kituo cha Luhaso, njia ya kwenda Karema, ambako kaka alifanya kazi miaka kumi na mmoja. Mume yuko Luhaso, mke na binti yao wako kambi nyingine upande wa Kigoma, na walikuwa hawajaonana miaka tisa tangu walipopotezana siku ya kupanda maboti. Wangekuwa wameshaunganishwa tangu mwaka juzi kama si kosa moja lililotoka kwenye kalamu ya kaka yangu. Gari la Alhamisi ndilo lililokuwa liwalete. Ili mjue kwa nini mtu anayekata roho anawaza gari, inabidi nieleze kazi yake, na kazi yake sijawahi kuieleza bila kucheka.

Kwenye karatasi aliitwa Afisa Ulinzi. Alipopata barua ya ajira, mama aliisoma, akaingia ndani, akatoka na rungu la marehemu baba na tochi ya betri tatu.

"Mama, hivi vya nini?"

"Ulinzi, baba. Utalinda kwa mikono mitupu?"

Rehani akaeleza kwamba ulinzi wenyewe si wa geti. Ni kuangalia kwamba mtu aliyekimbia vita hafuatwi na vita hapo alipokimbilia: asidhulumiwe, asirudishwe kwa nguvu, mwanamke asipigwe, mtoto asikose pa kukaa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa, lakini tochi chukua." Akaichukua. Rungu likabaki nyuma ya mlango, na mtaa mzima ukaamini kwamba mtoto wa Mwanaiddi, pamoja na diploma yake ya ustawi wa jamii, ameishia kuwa mlinzi.

Jirani yetu Dulla, fundi baiskeli, alimsumbua mwaka mzima.

"Kaka Rehani, huko kwenu hakuna lindo la mchana? La usiku siwezi, mke wangu anaogopa."

"Dulla, mimi silindi geti."

"Unalinda nini sasa?"

"Nalinda haki."

"Haki hiyo ina uzio au iko wazi tu?"

Rehani akafikiri kidogo. "Iko wazi."

"Basi kazi unayo," Dulla akasema, akaendelea kuziba pancha.

Nusu ya pili ya kazi yake ndiyo iliyotutesa sisi nyumbani. Kituo cha wakimbizi kinatakiwa kiwe mahali pa raia. Siasa za walikotoka haziruhusiwi ndani. Hakuna mikutano ya vyama, hakuna sare za jeshi, hakuna silaha, hakuna mtu wa kupita kimyakimya kuwaandikisha vijana wakapigane. Na wafanyakazi wenyewe wasionekane wana upande, kwa maana siku watu wakisema "yule ni wa kwao," hakuna atakayemwambia ukweli tena. Rehani ndiye aliyekuwa akizunguka, akiangalia, akiandika ripoti kila Jumatatu.

Kutoegemea upande alikuchukua kama mtu anavyochukua udhu. Luhaso hakunywa chai ya mtu miaka kumi na mmoja. Alikwenda na chapati zake na chupa yake ya chai, akala amesimama katikati ya uwanja, ili asionekane amekaa kwenye baraza la nani. Akisalimia nyumba ya kulia, lazima avuke asalimie ya kushoto, na kwa sababu nyumba za Luhaso ziko nyingi, kutoka getini mpaka ofisini kulimchukua dakika arobaini. Wenyewe walimwita Bwana Katikati.

Basi akarudi na ugonjwa huo Majengo. Sikukuu ya Idi akipewa pilau kwa mama, anakula nusu sahani, nusu nyingine anakwenda kuimalizia kwa mama mkwe akiwa yuko mjini. Siku moja mama na shangazi yetu waligombana kuhusu vyungu vya harusi, maneno makali mpaka watu wakasimama njiani. Mama akamgeukia Rehani amtetee. Rehani akakohoa, akasema, "Nimesikia pande zote mbili."

"Mimi sio pande!" mama akamaka. "Mimi ni mama yako!"

"Nimelisikia na hilo."

Mama alimnunia wiki nzima. Shangazi naye alimnunia wiki hiyohiyo, na Rehani alifurahi sana. Alisema ndiyo dalili kwamba kazi imefanyika vizuri.

Sasa, mpira. Luhaso, kama kila mahali nchi hii, kulikuwa na tawi la Yanga na tawi la Simba. Warundi wale waliufuata mpira wetu kwa redio tangu kwao. Arcade, fundi cherehani, mtu mrefu mwenye sauti ya kuadhinia ingawa ni Mkatoliki, alikuwa mwenyekiti wa Yanga. Rénovat, kinyozi, mfupi, mwenye maneno, alikuwa mwenyekiti wa Simba. Na kama kuna kitu kilichowaunganisha watu wa Luhaso wote bila kujali walikotoka na nani aliwakimbiza, ni swali moja: Bwana Katikati ni timu gani? Walimtega kila namna. Hakuna aliyefanikiwa. Hata mimi ndugu yake wa tumbo moja, ambaye ni Yanga mpaka kwenye mifupa, sikujua. Nikimuuliza anasema, "Mpira ni mchezo mzuri."

Ripoti zake za Jumatatu zilikwenda kwanza kwa rafiki yake Felisiani katika ofisi yao ya hapa mjini. Felisiani ni Mfipa, ni Yanga kichaa, na ndiye aliyezipanga ripoti kabla hazijapelekwa makao makuu. Mwishoni mwa kila ripoti palikuwa na nafasi iliyoandikwa "Mengineyo." Nafasi hiyo Rehani aliijaza utani, wa kumchokoza Felisiani tu. Felisiani aliusoma, akacheka, akaufuta, akapeleka ripoti safi. Ilikuwa hivyo miaka na miaka. Nadhani mtu anayekaa katikati kutwa nzima lazima apate kona yake ya kufanyia utundu.

Wiki moja Felisiani akafiwa na mjomba wake Sumbawanga, akaondoka ghafla. Rehani hakujua. Ripoti ikapita moja kwa moja, ikatafsiriwa Kiingereza na mtu huko juu, neno kwa neno, ikafika mezani kwa mama mmoja mgeni aliyekuwa na wiki tatu nchini. Nakala ninayo. Mengineyo ya wiki hiyo yalisema hivi:

"Jumamosi tawi la Wananchi lilifanya kikao chini ya mwenyekiti Arcade. Wajumbe arobaini na watatu walihudhuria, wakiwa katika sare za kijani na njano. Bendera ilipandishwa. Ilikubaliwa kwa kauli moja kwamba Wekundu watachinjwa wikiendi ijayo. Kiongozi wa Wekundu, Rénovat, amejibu kwamba jeshi lake liko kamili na halina majeruhi. Hali ni shwari."

Siku ya tatu magari mawili meupe yaliingia Luhaso, na la tatu la askari. Yule mama mgeni alikuwepo, na mkalimani kijana ambaye, Mungu amsamehe, alikuwa Mtanzania asiyefuatilia mpira. Wapo. Nyumba ya Arcade ilipekuliwa. Wakakuta bendera, ngoma moja, filimbi mbili, na daftari la majina arobaini na matatu. Akakalishwa kwenye kiti cha plastiki.

"Mlipanga kuwachinja Wekundu wangapi?" mkalimani akauliza.

"Tulisema tatu, mheshimiwa," Arcade akajibu kwa adabu. "Lakini mimi hata moja ingenitosha."

Ikatafsiriwa. Ikaandikwa.

"Na silaha yenu ni ipi?"

"Tulikuwa tunamtegemea yule wa pembeni kushoto. Bahati mbaya ameumia goti."

"Jeshi la Rénovat liko wapi kwa sasa?"

"Liko Dar es Salaam."

Yule mama akaandika Dar es Salaam, akapiga mstari chini yake mara mbili. Askari aliyekuwa mlangoni alikuwa ameshageukia ukutani, mabega yanatikisika, anajifanya kukohoa. Mwishowe akashindwa, akasema, "Mama, hawa ni watu wa mpira. Ni Simba na Yanga." Mkalimani akatafsiri kwamba ni mnyama simba na mtu anayeitwa Yanga.

Jioni ile Luhaso nzima ilicheka. Rénovat alikwenda nyumba hadi nyumba akiigiza kikao kile, mara ni mgeni, mara ni Arcade, mara ni kiti cha plastiki. Na hata huko juu, baada ya siku chache, walielewa. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikucheka. Kwenye kompyuta yao, mbele ya jina la Arcade, iliwekwa alama ya mtu anayehusishwa na kundi. Kuiweka kulichukua dakika moja. Kuiondoa kulihitaji barua, kamati, na mkutano wa kamati, na mpaka itoke, faili lake lote linasimama. Jina lake, la Générose na la mtoto yalikuwa yameingia kwenye orodha ya kuunganishwa mwezi ule ule. Yakafutwa.

Arcade alimfuata Rehani uwanjani, pale alipokula chapati zake. Hakumgombeza. Alisema tu, "Bwana Katikati, nilikuwa nimeshashona gauni la mtoto. Nilikisia urefu."

Kaka alikuja dukani siku hiyo, akakaa juu ya maboksi mpaka Magharibi.

Mkubwa wake mmoja alimwonyesha njia rahisi. Aandike tu kwamba mtoa taarifa alimpotosha.

"Mtoa taarifa gani?"

"Yeyote. Si kuna huyo Rénovat?"

"Halafu alama itoke kwa Arcade iende kwa Rénovat?"

"Rénovat hana mke wa kumsubiri."

Rehani alinisimulia hili baadaye. Alikataa. Akaandika barua kwa mkono wake: kwamba ameweka utani ndani ya ripoti ya kazi, tena si mara moja, kwamba hakuna aliyempotosha, kwamba Arcade ni mshabiki wa mpira na fundi cherehani. Aliambatanisha jezi, ratiba ya ligi, na kipande cha gazeti. Alijua barua ile inaweza kumwondoa kazini. Kamati ikamrudishia na swali moja zaidi: aeleze uhusiano wake yeye mwenyewe na makundi yote mawili, na aweke sahihi.

Alikuja dukani na karatasi hiyo, akaniambia nifunge mlango. Nikafunga.

"Anuari, nataka usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu. Mimi ni Simba. Tangu darasa la tatu."

Nilimtazama kama mtu aliyeniambia hatukuzaliwa pamoja.

"Wewe?"

"Mimi."

"Ile siku mlipotufunga, ukaja hapa, ukaninunulia soda, ukanishika bega, ukasema pole mdogo wangu?"

"Nilikuwa naumwa mbavu kwa furaha," akasema. "Nilikwenda kucheka chooni kwa Dulla."

Sikumsemesha siku mbili. Lakini aliandika, akaweka sahihi, na ndiyo iliyoisaidia barua. Kamati iliona kwamba mtu wa Simba anajivunjia heshima yake kazini ili kumtetea mwenyekiti wa Yanga, kwa hiyo huenda anasema kweli. Hakufukuzwa. Alipewa onyo la maandishi, akaondolewa kwenye kazi ya kuangalia nani yuko upande gani, akapelekwa ghala la ndoo na mikeka. Barua yenyewe ilisomwa mbele ya watu wa Luhaso, maana ndivyo taratibu zilivyotaka, na ilipofika kwenye neno Simba mkutano ukavunjika. Rénovat alitaka kumbeba mabegani.

"Afisa wetu! Miaka yote hiyo tulikuwa na mtu ndani!"

"Rénovat, niweke chini. Ukisema hivyo tena nitakuandikia ripoti."

"Hapana kaka, usiandike! Wewe ukiandika watu wanapekuliwa!"

Alama ikatoka, lakini faili lilikuwa limepoteza zamu yake. Kila Jumatatu, siku aliyozoea kupeleka ripoti, Rehani alitoka ghalani akasafiri mpaka dirisha la ofisi ya kuunganisha familia kuuliza faili la Arcade limefika wapi. Mwaka ukapita na zaidi. Akina mama wa dirishani walimzoea, wakimwona wanasema, "Mume wa Générose huyo." Presha ilikuwa imeshaanza, halafu figo. Daktari alimkataza chumvi na safari. Chumvi aliacha. Mimi nilimwambia, "Kaka, mtu mwingine si anaweza kuuliza?" Akasema, "Aliyeandika ndiye anayeuliza." Alikuwa amelazwa siku ya tano wakati Felisiani alipokuja wodini na karatasi yenye tarehe: Alhamisi, saa nne asubuhi, gari litafika Luhaso. Wawili. Sabrina anasema aliisoma karatasi ile mpaka akalala nayo kifuani. Akafa Jumatano.

Kwa hiyo jioni ile ya msiba, wakati watu wanaanza kufunga turubai nje kwa mama, mimi nilikuwa na simu mbili za kupiga, na hakuna niliyoitaka.

Ya kwanza kwa Felisiani. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kusaini mapokezi Luhaso. Asipokuwepo, gari haliruhusiwi kushusha watu. Linageuka nao, wanasubiri zamu nyingine, ambayo hakuna aliyejua ni lini.

"Anuari, nimeshawasha pikipiki," akasema akilia. "Nalala huko huko, kesho nimwoshe rafiki yangu."

"Felisiani, wewe ni Mkatoliki. Kuosha hatukupi."

"Basi nishike jeneza."

"Nani atasaini Luhaso?"

Nikasikia pikipiki inaunguruma bila kwenda popote.

"Amenitania miaka kumi na mmoja," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nafuta upuuzi wake. Halafu nisimzike?"

"Usimzike. Luhaso ni mbali, hutawahi kote kuwili. Zima pikipiki, kaka. Kesho saa nne uwe pale na kalamu."

Akaizima. Akalia kidogo, halafu akasema, "Angalau amekufa Simba. Wamepungua." Hapo tukacheka wote wawili, Mungu atusamehe.

Ya pili kwa Arcade. Mkimbizi hatoki kituoni bila kibali, na yeye na Rénovat walikuwa wameshagongewa muhuri wa siku moja kwenda kuzika.

"Kibali ninacho mkononi," akasema. "Nitakwenda nizike, nirudi. Générose atanisubiri hata hapo getini. Amesubiri miaka tisa."

"Gari likifika saa nne, binti yako akishuka atamkuta nani?"

"Atamkuta Felisiani."

"Felisiani si baba yake. Anakujua kwa picha tu, Arcade."

"Na picha yenyewe ya zamani," akasema taratibu. "Wakati ule nilikuwa na nywele."

"Ndiyo maana uwepo. Asije akamkumbatia Felisiani."

"Nitamwangaliaje Mungu," akauliza, "mtu huyu azikwe mimi sipo?"

"Sisi huku tuko wengi. Yeye huko hana mwingine. Hili ameliagiza mwenyewe, na mimi nimekufikishia."

Akasema amesikia.

Kesho yake, Alhamisi, tulimwosha kaka mapema, mimi, Dulla na baba mdogo aliyefika alfajiri kutoka Karema pamoja na Mama Zakia. Tukamkafini. Kuna waliouliza kwa nini hakuna mtu wa ofisini kwake, na wengine walisema maneno. Sikuwajibu. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu. Nilikuwa naitazama simu kila dakika, hadi shangazi akaniambia niache kuchezea simu mbele ya maiti. Saa tano kasoro dakika tano ujumbe wa Felisiani ukaingia: "Wameshuka. Wawili. Nimesaini. Mtoto amelia, halafu amemcheka baba yake kipara. Gauni fupi."

Nikaupeleka kwa mama ndani, nikamsomea, na Mama Zakia akiwa pembeni yake, na Sabrina. Nilihakikisha wote watatu wananisikia kabla sijaanza. Mama akafuta macho.

"Alhamdulillah," akasema. "Basi mtoeni."

Tulimswalia msikitini baada ya Adhuhuri. Watu walijaa hadi nje. Jeneza lilibebwa kwa kupokezana hadi makaburini, na Rénovat alilibeba mara mbili, bila jezi, amevaa shati jeupe la kuazima. Kaburi lilikuwa tayari. Tulishuka watatu: mimi, Dulla na baba mdogo. Tulimpokea, tukamlaza ubavu wa kulia kuelekea kibla, tukamfungua mafundo ya sanda. Tukaweka mbao, tukapanda juu. Kila mtu akatupa udongo mara tatu. Rénovat alitupa mara tatu, akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kutupa tena kwa ajili ya Arcade na Felisiani. Imamu akasema hakuna ubaya. Akatupa. Majembe yakafanya kazi iliyobaki, maji yakamwagwa, na imamu akasoma dua, tukaitikia amin. Saa nane na robo tulikuwa tumemaliza. Watu wakatushika mkono wa pole mmoja mmoja, wakaondoka. Mimi na Rénovat tulikaa kidogo, kisha tukarudi nyumbani kwa miguu ili awahi gari la Luhaso, kwa sababu kibali chake kilikuwa kinaisha saa kumi na mbili.